Magofu ya Hashima na wanaotaka kuingia ndani

Hapa Dar es Salaam, mtu akionekana anapenya kwenye kiwanda kilichofungwa, dhana ni mbili tu: anafuata skrepa, au anatafuta pa kuvutia bangi. Akisema amekuja kupiga picha, mlinzi hamwamini. Namwelewa mlinzi. Lakini ubishi wa vijana wanaopenda magofu na wazee wanaowaita wahuni unanirudisha kila mara kwenye kisiwa cha Hashima, Japani, ambako swali hilihili, la kama mwenye kamera aruhusiwe kuingia ndani ya magofu, ni zito kuliko kwetu.

Hashima iko kilomita 15 hivi kutoka Nagasaki. Mitsubishi ilikinunua kisiwa hicho mwaka 1890 kwa ajili ya makaa ya mawe yaliyo chini ya bahari. Mgodi ulifungwa Januari 1974, na kufikia Aprili wakazi wote walikuwa wamehama. Tangu 2009 watalii wanashushwa, ila wanabaki kwenye njia maalumu upande wa kusini, na maghorofa ya makazi wanayatazama kwa mbali.

Hoja ya usalama haina ubishi. Zege limeliwa na chumvi kwa miongo, nondo zimevimba kwa kutu, na vimbunga vinaendelea kumega. Mtu akiangukiwa na dari, atakayelaumiwa ni aliyetoa ruhusa.

Ila kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Kisiwa kizima ni hekta 6.3, tuseme viwanja tisa vya mpira. Mwaka 1959 waliishi humo watu 5,259. Hao ni zaidi ya 830 kwa kila hekta, na ardhi hiyohiyo ilibeba mitambo, shule na hospitali. Sisi tuliokulia nyumba za kupanga za Buguruni tunajua foleni ya choo alfajiri, lakini tulikuwa na barabara ya kutokea. Wao walizungukwa na ukuta, na nje ya ukuta bahari. Bomba la maji kutoka ng'ambo lilitandikwa 1957 tu. Kabla ya hapo maji yaliletwa kwa meli. Udongo wa bustani waliubeba hadi juu ya paa wapate kulima mboga. Ukiwa kwenye njia ya watalii, hayo yote ni namba. Mpaka uone ngazi zilivyobanana na upana wa chumba kimoja ndipo unaelewa.

Na vyumba hivyo havina mtetezi. Urithi wa dunia ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2015 unahusu viwanda vya enzi ya Mfalme Meiji wa Japani, iliyokwisha 1912. Kinachohesabika Hashima ni kuta za bahari na mabaki ya mgodi. Ghorofa la kwanza kubwa la zege ni la 1916, limepitwa. Wamepitwa pia Wakorea na Wachina waliofanyishwa kazi kwa nguvu mgodini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Japani iliahidi kuwakumbuka, lakini kituo cha maelezo kilichofunguliwa 2020 kiliwekwa Tokyo, mbali kabisa na kisiwa, na mwaka uliofuata Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza masikitiko yake makubwa. Sasa nani atunze sura ya vyumba hivyo, kama si mwenye kamera?

Wapo wanaosema picha hizi hugeuza mateso ya watu kuwa mapambo. Wanaofanya hivyo wapo, sawa na wanaoondoka na vitu mfukoni, na hao siwatetei. Aliyepiga picha chumba kwa chumba, akaandika tarehe na jengo, ni mtu mwingine.

Kwetu muda ni mfupi zaidi, maana wa skrepa hung'oa mashine kabla kutu haijazimaliza. Mwenye kiwanda anaweza kuanza na kidogo: mlinzi awe na daftari, kijana aandike jina, aingie mchana akiwa na helmeti na mtu anayelijua jengo, na nakala za picha zibaki kiwandani. Fundi mstaafu akitaka kumwonyesha mjukuu mashine aliyoiendesha, azikute.