Mashine imetaja namba, haijataja kifaa

"Fundi, nimeshapima kwingine. Mashine imesema nibadilishe sensa ya oksijeni."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki hapa Dar, na yananiuma, kwa sababu anayeyasema mara nyingi ameshatoa pesa. Mashine ya kusoma hitilafu za gari haikusema hivyo. Ilitoa namba, na mtu ndiye aliyeigeuza ile namba kuwa spea.

Kuna mzee aliniletea gari dogo la Kijapani lililokuwa likitetemeka kwenye foleni. Ukikanyaga mafuta linatulia, ukisimama linaanza tena. Taa ya injini inawaka. Alikuwa ameshafungiwa sensa ya oksijeni mara mbili, kwa mafundi wawili tofauti, na taa ilirudi kila baada ya siku chache. Nikachomeka mashine, ikaja P0171. Kwa lugha ya kawaida, namba hiyo inasema kwamba hewa imezidi au petroli imepungua. Sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi, ndiyo iliyopeleka habari hiyo kwenye kompyuta ya gari. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Huyu alikuwa ameuawa mara mbili.

Ile mashine ina mengi zaidi ya namba, na hapo ndipo wengi wetu tunapoifunga mapema. Ukiingia kwenye takwimu za moja kwa moja utaona kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi ili mchanganyiko ukae sawa. Likiwa zima, gari huwa karibu na sifuri. La mzee, likinguruma bila kukanyagwa, lilikuwa linaongeza asilimia 23. Nikapandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nyongeza ikashuka hadi asilimia 4. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka, nyongeza ingepanda kadiri injini inavyodai mafuta mengi. Hapa ilishuka, maana yake kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ukikanyaga, tundu lile lile halina uzito tena. Nikafuata mipira midogo inayoingia kwenye manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwenye injini. Ule unaorudisha mvuke wa oili ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo na tochi.

Sensa zote mbili zilikuwa nzima.

Ukijua mfumo huu wa gari kujichunguza na kutoa namba ulikotoka, hushangai. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na sababu kubwa ilikuwa moshi. Lengo lilikuwa gari lijichunguze na kuwasha taa pale linapoanza kuchafua hewa. Kwa hiyo namba inaeleza kilichoonekana kwenye saketi au kwenye moshi, na kazi ya kutafuta chanzo imebaki kwa fundi. (Na wale mnaonunua vidude vya Bluetooth: magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi ile ile ya pini 16 lakini hayaongei lugha ya mfumo huu. Kidude kikikaa kimya, usidhani gari ni zima.)

Kwenye umeme ndiko makosa yanakuwa ghali zaidi. Gari linakuja na namba saba kwa mpigo, za gia, breki, usukani, injini, na mwenye gari anaambiwa aandae mamilioni. Vitu saba haviharibiki pamoja asubuhi moja. Mimi naanza na kile vinachochangia vyote: betri na waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari. Betri iliyojaa na kupumzika isome karibu volti 12.6. Kisha naweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, namwambia mtu apige starta. Mita ikipita nusu volti, ethi imeoza au nati imelegea, na zile namba saba ni kilio kimoja. Magari yanayooshwa injini kwa maji ya presha yananiletea hili mara nyingi: ukifungua soketi unakuta ukijani wa kutu ya shaba.

Kijana akija kujifunza kwangu, namkabidhi mita kabla ya mashine. Wengine wananuna.

Lakini lawama si ya mafundi peke yao, na wenye magari mnisikilize. Mko tayari kulipia sensa ya Kariakoo bila kubisha sana, ila fundi akisema anahitaji saa mbili za kutafuta ugonjwa na anazilipisha, mnaondoka. "Kupima tu unataka hela?" Basi fundi mwenye njaa anafanya nini? Anasoma namba kwa dakika tano, anakisia, anauza spea, kwa sababu ndiyo pekee mnayokubali kuilipia. Akikosea, gharama ni yenu. Mimi nimeacha kupima bure. Nalipisha muda wangu, nawaandikia namba zote kwenye karatasi kabla sijafuta chochote, na ninayoshuku naithibitisha kwa mita mbele yenu.

Mzee naye alibisha. Nikamwambia, "Mzee wangu, mpira ni bei ndogo, ninachokulipisha ni kuujua." Akanyamaza, akaomba nimwonyeshe ulipopasuka. Nikampa kioo na tochi, akainama mwenyewe chini ya boneti, akakaa pale muda mrefu, kisha akatoa pochi.