Kufuli la mlango wa nyuma

Siku mbili kabla ya Idi nilikuwa Kariakoo, ghorofa ya tatu, kwenye fremu ya dada yangu anayeuza nguo za watoto. Anayeijua Kariakoo ya wiki ile anajua kwamba hata pa kuweka mguu hapana. Saa kumi jioni umeme ukakatika, jenereta likawashwa, na baada ya dakika chache tukaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Mtu mmoja akapiga kelele: "Moto!"

Tulikimbilia ngazi ya mbele, sote kwa pamoja. Ngazi yenyewe ni nyembamba, na kila inapokata kona pamewekwa mabelo na maboksi ya mizigo. Tukakwama. Nikamshika dada mkono nikamwambia twende nyuma, maana nilikuwa nimeuona mlango wa chuma mwisho wa korido, karibu na choo. Tulipofika tulikuta watu kama kumi na tano wameshatangulia, wanaupiga mateke. Ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kuswali alasiri.

Kumbe ni waya wa jenereta ulioyeyuka. Fundi aliuzima mapema, na ndani ya robo saa watu walikuwa wamerudi kupatana bei. Mlinzi aliporudi nilimuuliza, tena kwa ukali, kwa nini mlango ule umefungwa. Alinijibu kwa upole tu: "Samahani dada. Tukiuacha wazi wanaibia. Mwezi uliopita walipita hapo na belo zima, nikakatwa mimi kwenye mshahara."

Sijaacha kulifikiria jibu lile. Kijana yule si mzembe. Alipewa kazi moja, mwizi asipite, na anaifanya kwa bidii kwa sababu asipoifanya analipa yeye. Aliyempa kazi hiyo hakumwambia habari ya watu mia mbili walio juu. Na nikitazama mji wetu wote naona tumepeana kazi hiyohiyo moja. Tukisema usalama, tunamaanisha mwizi. Tunajenga fensi na kupanga vipande vya chupa juu yake, tunachomelea nondo madirishani, tunaweka mlinzi na daftari getini. Tangu Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa Dar na kuua watu 11, tumezoea hata kupekuliwa mabegi kwenye majengo makubwa, na ni sawa. Lakini jengo lenyewe, nguzo zake, ngazi zake, nyaya zake na milango yake ya kutokea, hayo hatuyahesabu kuwa usalama. Tunayaita mambo ya mwenye nyumba.

Wakati mambo hayo ya mwenye nyumba ndiyo yaliyotuzikia watu wengi. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka asubuhi, wakafa watu 36. Usiku wa Julai 10, 2021 likaungua Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na wafanyabiashara wakaamka asubuhi hawana mtaji. Halafu Jumamosi ya Novemba 16, 2024, likaanguka ghorofa la Kariakoo, mitaa ya Mchikichi na Congo, likiwa limejaa wauzaji na wateja. Vifo vilivyotangazwa havikupungua 29. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai, na waliowahi kufukua ni wafanyabiashara na vijana wa mitaa ile, wengine kwa mikono mitupu, kabla mashine hazijafika.

Dada yangu alikuwa umbali wa mitaa miwili siku hiyo. Kilichomuumiza zaidi, aliniambia, ni simu. Watu walikuwa wamesimama barabarani wanaongea na ndugu zao walio chini ya kifusi, simu ikipokelewa, sauti inasikika, na hakuna namna ya kumfikia.

Wafanyabiashara walisimulia kwamba chini ya jengo kulikuwa na uchimbaji wa kuongeza nafasi ya biashara. Sina utaalamu wa kuhukumu sababu, na vyombo vya sheria vina kazi yao. Ninachojiuliza ni kitu kidogo zaidi. Kama kweli palichimbwa, udongo ulitolewa, ukapakiwa, ukabebwa, na Kariakoo hakuna kitu kinachobebwa bila watu kukiona. Tuliona wangapi? Na tungeona, tungemwambia nani?

Hapo ndipo penye shida, na naomba nikae hapo kidogo.

Mpangaji wa fremu Kariakoo ameingia kwa kilemba. Amelipa kilemba kwa aliyemwachia nafasi, amelipa dalali, na amelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Mtaji wake wote umo ndani ya vyumba vile. Siku mwenye jengo anapoamua kuvunja ukuta ili fremu mbili ziwe tatu, unadhani atakuwa yeye wa kwenda kushtaki? Akishtaki na jengo likafungwa, amefungiwa yeye. Asiposhtaki, anaomba Mungu. Fundi naye anaona nondo zimepunguzwa kwenye nguzo, anaona zege limetiwa saruji kiduchu, lakini analipwa kwa siku na nje ya uzio wapo saidia fundi kumi wanaosubiri nafasi yake. Mjumbe anapita pale kila siku na anajua jengo halina bango la kuonyesha nani anajenga, ila mwenye jengo ndiye anayechangia misiba na harusi za mtaa mzima. Kila mmoja ana sababu yake, na kwa kweli siwezi kumlaumu hata mmoja nikimtazama peke yake. Ndiyo maana nasema jambo hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja mmoja. Linahitaji mtaa.

Na mitaa yetu inaweza. Hili nalisema kwa sababu nimeliona. Ninakoishi, Magomeni, miaka michache nyuma tulichoka na vibaka. Wanawake walikuwa wanaporwa mikoba alfajiri wakiwahi mwendokasi. Tukakaa kikao, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akasimamia, kila kaya ikachangia, tukapata vijana wa ulinzi shirikishi, tukawanunulia filimbi na tochi, tukafunga taa pale uchochoroni. Hatukusubiri mtu kutoka juu. Wizi ulipungua kiasi kwamba mama mwuza chapati sasa anawasha jiko lake saa kumi usiku bila hofu. Watu walewale, kwa michango ileile, wakipita njia zilezile kila usiku, wanashindwaje kuona ufa?

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa. Siku kumi na moja baada ya ghorofa la Kariakoo kuanguka, Novemba 27, 2024, tulipiga kura kuchagua viongozi wa serikali za mitaa. Kampeni zilifanyika huku nchi ikiwa bado inalia. Nilikwenda kwenye mkutano wa kampeni mtaani kwetu, nikawasikiliza wagombea wakizungumzia taa, mitaro, taka na ulinzi. Nilipopata nafasi niliuliza kuhusu jengo lililo kona ya mtaa wetu: lilikuwa nyumba ya vyumba sita, sasa lina ghorofa mbili na nondo za ya tatu zimeshachomoza, na sijawahi kuona bango la mradi pale. Mgombea aliniambia kwa heshima, "Mama, hilo ni suala la kitaalamu, lina wahandisi wake."

Sikubaliani naye. Uimara wa nguzo ni suala la wahandisi, na mwenyekiti wa mtaa asijaribu kuupima kwa macho. Lakini bango halihitaji mhandisi. Sheria inataka eneo la ujenzi liwe na bango linaloonyesha mkandarasi, msanifu na mhandisi ni nani, na kibali cha ujenzi kiwepo. Kuuliza "kibali kiko wapi?" ni kazi ya dakika mbili. Mtu yeyote mwenye macho anaona mlango wa dharura wenye kufuli, ngazi iliyojaa mizigo, nyaya zilizoungwaungwa kwa plasta, ukuta wa shule uliopinda juu ya njia wanayopita watoto. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kisheria, tangu sheria yake ya mwaka 2007, ya kukagua majengo, na halmashauri zina wakaguzi wao. Ila mkaguzi mmoja hawezi kuijua kila kona ya mji wa mamilioni ya watu. Mtaa unazijua kona zake. Kinachokosekana ni mtaa kuzitaja kwa maandishi, kwa muhuri wa serikali ya mtaa, ili mpangaji na fundi wasibaki peke yao mbele ya mwenye jengo. Jina la mlalamikaji likiwa "wakazi wa mtaa", hakuna wa kufukuzwa kwenye fremu.

Niseme na la nyumbani, nisije nikaonekana nawanyooshea vidole wenye maghorofa tu. Baada ya siku ile ya jenereta nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu kufuli zangu. Chumba cha wanangu kina dirisha moja, lina nondo zilizochomelewa pande zote, na mlango wa koridoni huwa naufunga kwa funguo usiku. Mwaka 1994 moto wa bweni la Shauritanga kule Rombo uliua wasichana 42, na tangu nikiwa binti mdogo, kila nikisikia bweni limeungua swali la kwanza linalonijia ni dirisha. Sikuwahi kulielekeza swali hilo kwenye dirisha la wanangu. Nimemwita fundi wa kuchomelea akakata sehemu ya grili na kuiwekea bawaba, ifunguke kwa ndani kwa komeo. Haikuwa gharama ya kutisha. Mume wangu aliogopa wezi watalifikia komeo, tukabishana siku mbili, fundi akalifunika kwa bati.

Nikatoka nje nikalitazama geti letu la mtaa. Hili tulilijenga wenyewe, kwa michango ya ulinzi, na hufungwa saa tano usiku. Ufunguo ana kiongozi wa walinzi peke yake. Sasa fikiria nyumba ya ndani kabisa imepata shoti ya umeme saa nane usiku. Umepiga 114, gari la zimamoto limefika kwa haraka, na limesimama nje ya geti letu tukimtafuta mtu mmoja aliyeenda kunywa chai. Hata likifunguliwa, upande wa kulia zipo meza za biashara na upande wa kushoto magari yameegeshwa. Gari la maji halipiti. Jambo hilo hatukuletewa na mwenye ghorofa wala na serikali. Tulilijenga sisi, tukiwa na nia njema.

Nimeyapeleka hayo kwenye kikao cha mtaa. Watu walinisikiliza, na mzee mmoja mwenye nyumba ya zamani pale alisimama kuniunga mkono, akasema moto wa zamani ulizimwa kwa ndoo kwa sababu nyumba zilikuwa na nafasi katikati, sasa nafasi zote tumezijenga vyumba. Tumekubaliana ufunguo wa geti uwe na nakala tatu katika nyumba tatu zinazojulikana, namba 114 ipakwe rangi kwenye geti kwa maandishi makubwa, na upande mmoja wa njia usiegeshwe gari usiku. Meza za biashara ziliamsha ugomvi, zikaachwa kama zilivyo. Kuhusu jengo la kona, kikao kilikubali kuandika barua kuuliza kibali. Iliandikwa, ikapigwa muhuri, nakala yake ninayo. Ina wiki saba sasa na hatujajibiwa, na nondo za ghorofa ya tatu zimeshavishwa mbao, karibu watamwaga zege. Mwenyekiti ameniahidi tutakwenda wote ofisini Jumatatu. Nitakwenda hata akipata udhuru.

Kariakoo nako dada na wenzake wa ghorofa ya tatu walikwenda kwa msimamizi wa jengo, watu kumi na wawili kwa pamoja, wakaomba kufuli liondolewe na mlango uwekewe komeo la kufungua kwa ndani. Walijitolea kuchanga posho ya mlinzi wa pili wa kukaa pale nyuma, ili yule kijana asikatwe tena mshahara. Msimamizi amekubali. Nilipanda juma lililopita kuhakikisha. Komeo lipo, nimelivuta mwenyewe, mlango ukafunguka. Nyuma yake ngazi inashuka mpaka ghorofa ya kwanza, na pale imezibwa na maboksi ya viatu hadi darini. Nimepiga picha nikamtumia dada, naye amesema watarudi kwa msimamizi wote kumi na wawili.