Chandarua hakizuii malale

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba chandarua kitatukinga na malale, ugonjwa unaoenezwa na nzi aitwaye mbung'o, huku Kaliua na Urambo mkoani Tabora. Hapana, jamani. Mbung'o huuma mchana, porini, na mdomo wake hupenya shati jepesi. Rangi ya bluu na nyeusi humvuta, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa hivyo. Mrina asali avae kaki nzito ya mikono mirefu. Mahali mbung'o alipouma huweza kutokea uvimbe mwekundu wenye maumivu, kisha homa ya kwenda na kurudi. Hapo ndipo tunapopoteza watu: wanameza dawa ya malaria, homa inatulia siku mbili, wiki zinapita, vimelea vya malale vinaingia kwenye ubongo. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale! Mwambie daktari ulikuwa porini, damu iangaliwe kwa hadubini.