Bata mzinga, ndala moja na zimamoto

Kwetu Tanga nimekaanga kila kinachoingia kwenye karai: mihogo, bagia, changu wa kilo mbili. Kwa hiyo nilipohamia Columbus, Ohio, nikasikia watu wanamtumbukiza bata mzinga mzimamzima kwenye mafuta siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba, nikacheka. Mafuta ni mafuta, bwana.

Nikanunua bata wa kilo 7, kaganda kama jiwe la kusagia. Mfuko wake uliandikwa akae kwenye friji siku tatu hadi nne ayeyuke. Mimi nilimtoa usiku wa kuamkia sikukuu, nikaenda kulala.

Asubuhi mama Asha akambonyeza. "Baba Asha, nje kalegea, lakini tumboni bado barafu."

"Mke wangu, mafuta yatafika nyuzi 175. Barafu gani itastahimili?"

Kweli haistahimili. Inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi mara 1,700 ya ile ya maji. Tena wanaojua kazi humweka bata sufuriani na maji matupu kwanza, wakatia alama, ndipo wanapata kipimo cha mafuta. Mimi nilimimina mafuta ya karanga kwa macho tu.

Na jiko nililitega wapi? Kwenye baraza la mbao, hatua mbili kutoka ukutani, nisipigwe na baridi. Kuta za nyumba hizi, kwa taarifa yenu, zimevikwa plastiki.

Nikasema bismillahi, nikamshusha bata kwa ndoano yake. Kwanza alitoa sauti ya nyoka. Kisha sufuria ikafoka, mafuta yakamwagika pembeni, yakakutana na moto wa gesi huko chini, na mimi nikajikuta kwenye ua wa jirani nikiwa na ndala moja.

Shemeji akatoka mbio na ndoo ya maji. Mama Asha akampiga mtama kaka yake wa damu, ndoo kule, yeye huku. "Maji kwenye mafuta yanayowaka? Unataka kutuua?" Akapiga 911.

Zimamoto walipomaliza, ukuta ulikuwa umening'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Mmoja wao akamtoa bata kwa koleo: nje mkaa mtupu, tumboni kifuko cha maini na firigisi bado kimeganda. Akanikabidhi kwa heshima zote.

Nyumba yenyewe ya kupanga. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nauli ya kurudi Tanga, mama Asha akakiri kwamba kila mwezi analipa dola 15 za bima ya mpangaji, ileile niliyoiita wizi wa mchana. Bima ya mwenye nyumba inalinda jengo lake, akanieleza. Hii yetu inalinda vyombo vyetu, na inabeba hasara tuliyomtia mwenye nyumba kwa uzembe. Neno "uzembe" alilitamka polepole.

Nikapiga simu. "Chanzo cha moto?" akauliza dada wa bima.

"Bata mzinga."

Kimya. "Alikuwa hai?"

Dola 500 za kwanza tunajilipia wenyewe, kwa hiyo niliorodhesha kila kitu: viti viwili, zulia, kanzu, ndala moja, bata dola 19. Mama Asha akachukua kalamu, akamfuta bata.

"Huyo hajaungua wote," akasema. "Firigisi zake zimo kwenye friji."