Kilomita 600 za theluji ni za nani?

Shemeji yangu ni mhasibu, na hoja yake kuhusu likizo ya Februari ni ya kihasibu. Tuko familia mbili, watu wazima wanne na watoto watano, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa skii miguuni. Yeye anataka twende Les 3 Vallées, kule Savoie, Ufaransa, wanakotangaza kilomita 600 za njia za kutelezea zilizounganishwa kwa lifti za kupandisha watu mlimani. Mimi nataka twende Bonneval-sur-Arc, kijiji cha mawe kilicho mwisho kabisa wa bonde la Maurienne, ambacho njia zake zote hazifiki kilomita 50. "Kama ni kulipa," anasema, "tulipe penye mali." Maneno hayo nimeyasikia kwa Waswahili wengi tunaoishi huku Ulaya, na yanastahili jibu la heshima kwa sababu yana ukweli ndani yake.

Uwanja mkubwa haukukwamishi kirahisi. Lifti moja ikiharibika zipo nyingine, upepo ukifunga upande mmoja wa mlima unahamia wa pili. Walimu ni wengi na Kiingereza kinatosha kuelewana nao. Mtoto akiteguka goti, daktari yuko karibu. Mvua ikinyesha siku nzima, kuna bwawa la kuogelea na maduka ya kuzungukia. Bonneval mambo hayo ni haba.

Zito zaidi ni barabara. Juu ya kijiji kuna Col de l'Iseran, kivuko cha milima kilicho zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi unakipita na kuteremkia Val d'Isère kwa mwendo usiofika saa moja. Wakati wa baridi hufungwa kwa theluji, na kijiji kinabaki na njia moja tu, ile inayotoka Bessans, kijiji jirani, ambayo nayo hufungwa maporomoko ya theluji yanapotishia. Mwenye ndege ya Jumapili jioni na kazi ya Jumatatu asubuhi ana haki ya kuliogopa jambo hilo. Sina jibu la kuiondoa hofu hiyo, ila kwamba theluji inayofunga barabara ndiyo hiyo hiyo inayotupeleka kule. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Italia husukumwa juu ya milima ya mpakani na kumwaga mzigo wake Haute Maurienne, yaani sehemu ya juu ya bonde letu, wakati mwingine huku mabonde ya magharibi yakipata kidogo tu. Wafaransa wanaiita retour d'est, marejeo ya mashariki.

Lakini hizo kilomita 600! Ukitoka Dar es Salaam ukaenda kilomita 600, umeshapita Moshi na unakaribia Arusha. Mtoto wa miaka saba anayejifunza kusimama kwa kukutanisha ncha za skii mbele haendi Arusha. Siku mbili au tatu za mwanzo atakuwa kwenye kiwanja cha mazoezi, mteremko mfupi mpana ambao unauona wote ukisimama chini. Siku ya nne, Mungu akijalia, atapandishwa njia ya kijani, rangi ambayo Wafaransa huwapa wanaoanza. Siku ya sita atairudia njia ile ile mara kumi kwa furaha isiyo kifani, maana sasa anaijua kila kona. Njia nyekundu na nyeusi, za wazoefu, hatazigusa, wala mama yake hatazigusa. Wiki yake nzima inaenea kwenye njia tatu nne.

Tena kilomita zenyewe zilishawahi kutiliwa shaka. Mwaka 2013 Mjerumani Christoph Schrahe, mshauri wa mambo ya viwanja vya skii, alizipima upya njia za viwanja vikubwa. Eneo la 4 Vallées nchini Uswisi lilikuwa likitangaza kilomita 412, yeye akapata 164. Baadhi ya viwanja vilikuwa vikihesabu kona za mtelezaji, kama vile mtu apime barabara kwa nyayo za mlevi. Kwa haki, kwa Les 3 Vallées tofauti kati ya tangazo na vipimo vya Schrahe ilikuwa ndogo zaidi. Hata hivyo mhasibu anayegawa bei kwa kilomita angepaswa kuwa wa kwanza kuuliza kilomita imepimwaje.

Shemeji alinijibu kwamba viwanja vikubwa huuza pia pasi, yaani tiketi ya lifti, ya bonde moja, na ya wanaoanza, kwa bei ya chini. Ni kweli, na ni shauri jema kwa anayekwenda huko. Ila akinunua pasi hiyo, kilomita 600 ameziacha mwenyewe dukani. Kitakachobaki ni mteremko mmoja mdogo kama ule wa Bonneval, pamoja na gharama za kulala na kula za mji mkubwa.

Nafikiria pia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekwenda Austria akiwa mtoto mdogo. Baba yake wa kambo alikuwa na lifti ya skii, na hapo ndipo binti alipoanza. Mwaka 2018 alishindana kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Milima mikubwa ilikuja baadaye, alipokuwa tayari anaihitaji.

Hoja moja ya upande wa pili inaniumiza kweli, nayo ni joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliangalia viwanja 2,234 vya skii barani Ulaya. Dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 2, asilimia 53 ya viwanja hivyo vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji, kama havitumii mashine za kuitengeneza. Mashine zikifunika nusu ya njia, asilimia hiyo inashuka hadi 27. Wenye fedha za mashine na mabwawa ya maji ni wakubwa, na vijiji vingi vitulivu viko chini mno. Uwanja wa Métabief, kwenye milima ya Jura, haufiki mita 1,500, na wasimamizi wake wamekwisha kusema wanajiandaa kuachana na skii ya miteremko. Kwa hiyo anayeniambia "kijiji kidogo ni bahati nasibu" hasemi uongo. Anachanganya tu kuwa kidogo na kuwa chini. Bonneval huanzia karibu mita 1,800 na lifti zake hufika kama mita 3,000. Anayepanga aulize kwanza kijiji kiko juu kiasi gani.

Na udogo huo ulichaguliwa. Mafuriko ya Juni 1957 yaliipiga Maurienne vibaya, na Bonneval ilikuwa ikielekea kubaki gofu. Meya wake, Gilbert André, alikataa kuiokoa kwa kuigeuza mji wa maghorofa. Lifti zilijengwa pembeni, nyaya zikafukiwa ardhini, magari yakaachwa nje ya kijiji cha zamani, mapaa ya mawe yakabaki. Alikuwa pia miongoni mwa waliopigania Hifadhi ya Taifa ya Vanoise, ya kwanza Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1963. Watu walikubali kupata kidogo ili wabaki kwao. Pesa zangu za wiki moja, nikijaliwa, ningependa zikae kwa watu wa namna hiyo.

Kwa hiyo nimemwandikia shemeji hivi. Kama safari ijayo watoto watakuwa wanateleza vizuri na wanataka kuzurura, nitamfuata Les 3 Vallées bila neno. Kwa mara hii ya kwanza, twende Bonneval, kwa masharti. Shule za Ufaransa hupishana likizo kwa kanda; tuchague wiki ambayo kanda moja tu iko likizo, kama tarehe za watoto wetu zitaruhusu. Tupande treni hadi Modane na basi kutoka hapo, tusiendeshe wenyewe kwenye barafu. Nafasi za mwalimu wa watoto tuzishike kabla ya nyumba, maana kijijini walimu ni wachache. Tuchukue bima ya uokoaji mlimani pamoja na pasi. Na tuondoke Jumamosi asubuhi, kazi ikiwa Jumatatu, ili barabara ikifungwa usiku mmoja tuwe na siku ya akiba.

Amesema atapiga hesabu upya. Nimemwomba safari hii agawe bei kwa siku za watoto, aziache kilomita.