Muziki wa Daenerys ni uleule, umekuzwa tu

Nimesoma makala inasema eti mtunzi wa muziki Ramin Djawadi alikuwa anamtungia mhusika Daenerys muziki mpya kila msimu wa tamthilia ya Game of Thrones, hapo mwandishi nakukatalia kabisa, ni melodi ileile imekuzwa. Msimu wa 1 anapoozwa kwa chifu Drogo inasikika kwa mbali, laini, afu fainali ya 2011 anatoka kwenye majivu na vitoto vya dragoni kwaya inaingia, kufika mji wa Astapor anapowateketeza mabwana wa watumwa ngoma zinapigwa mpaka mwili unasisimka. Kitu kipya kweli ni ile piano ya malkia Cersei fainali ya msimu wa 6, maana kabla ya hapo piano haikutumika kabisa. Na mhusika Jon Snow je, si angepewa melodi yake mapema badala ya kubebwa na ile ya ukoo wa Stark uliomlea, mnaonaje wadau?