Bahasha nyekundu: hela ya mtoto au ya mama?

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa Jadi wa China, chakula kikishaliwa, mtoto humtakia babu heri na kupokea kwa mikono miwili bahasha nyekundu, hongbao. Haifungui hapo hapo, maana kuchungulia kilichomo mbele ya aliyekupa ni utovu wa adabu. Wageni wakishaondoka mama hunyoosha mkono: "Lete nikutunzie." Karibu kila Mchina mtu mzima ameyasikia maneno hayo utotoni, na wengi hawakuiona tena hela hiyo.

Kwa mtoto wa Unguja aliyewahi kuzunguka mitaani kudai mkono wa Idi, jambo hili si geni sana. Ila mkono wa Idi mara nyingi huishia kwenye pembea na aiskrimu jioni ile ile, kwa hiyo haukai vya kutosha ugombaniwe. Za China hukaa. Huitwa yasuiqian, fedha za kumzuia "sui", neno la mwaka wa umri linalotamkwa sawa na la balaa la mizimu, na zamani sarafu ziliwekwa karibu na mtoto aliyelala kama hirizi. Leo ni noti mpya zisizo na mikunjo, kwa idadi shufwa. 6 na 8 hupendwa. 4 huepukwa kwa kuwa inasikika kama "kifo". Bahasha nyeupe ni ya rambirambi, kwa hiyo anayekosea rangi amekosea vibaya.

Wazazi wana hoja, tena nzito. Tuseme mtoto amepewa bahasha 10 za yuan 200, jumla 2,000. Wazazi wake nao wamewapa watoto 9 wa ndugu hao hao yuan 200 kila mmoja, yaani 1,800. Kwa hesabu ya mama, kilichoingia nyumbani ni yuan 200 tu. Zilizobaki ni deni la watu wazima lililopita mikononi mwa mtoto. Mwenye mtoto mmoja huumia zaidi, kwani kwa ndugu mwenye watatu hutoa bahasha tatu akarudishiwa moja.

Sheria haiitambui hesabu hiyo. Kwa mujibu wa sheria kuu ya madai ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, zawadi aliyopewa mtoto ni mali yake. Aliye chini ya miaka 8 husimamiwa na wazazi katika kila jambo. Kuanzia miaka 8 anaweza kupokea zawadi mwenyewe, na kununua vitu vinavyolingana na umri na akili yake. Kifungu cha 35 kinamkataza mlezi kuigusa mali ya mtoto isipokuwa kwa manufaa ya mtoto huyo. Si maandishi tu: huko Zhengzhou, mkoani Henan, baba mmoja alichota zaidi ya yuan 80,000 za mwanawe akazitumia kwenye harusi yake mpya, na mahakama ikamwamuru azirudishe.

Kwa maoni yetu mama yuko sahihi kwenye hesabu, ila amekosea mdaiwa. Deni kwa shangazi ni lake yeye, mtoto hakukopa. Lakini anayedai mtoto wa miaka 9 akabidhiwe yuan 2,000 azitumie apendavyo naye hajaisoma sheria hadi mwisho. Mtoto huyo akizimaliza kwenye gemu ya simu, ununuzi huo unahitaji ridhaa ya mzazi, na mzazi asiporidhia anaweza kudai zirudishwe. Kumiliki ni jambo moja, kutumia ni jingine.

Guangdong, mkoa wa kusini mwa China, wamelikwepa tatizo kwa kutoa kidogo. Bahasha ya yuan 5 au 10 ni ya kawaida, na zipo sehemu ambako mpokeaji hukunja tu pembe ya bahasha na kuirudisha, akabaki na baraka.

Kwingine, usumbufu mwingi hutokana na kuchanganya hela ya mtoto na ya mama. Tangu WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe na pesa, ilipoleta hongbao za simu mwaka 2014, bahasha za shangazi aliye mbali huingia kwenye pochi ya simu ya mama, kila moja kwa kikomo cha kawaida cha yuan 200, na kesho yake zimenunua mboga. Dawa yake ni daftari. Usiku ule ule mama na mtoto wakae wafungue bahasha pamoja, waandike nani katoa na kiasi gani, za simu zikiwemo. Sehemu ndogo abaki nayo mtoto. Nyingine ziende benki kwenye akaunti yenye jina lake, ambayo kwa aliye chini ya miaka 16 hufunguliwa na mzazi kwa kitambulisho chake na kitabu cha usajili wa kaya. Daftari hilo hilo mama atalihitaji tena mwakani, ajue shangazi alitoa ngapi ili asimrudishie pungufu.